Sauti Ziliondoka Kabla ya Mtihani

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na desturi ya kusoma akiwa nyuma yetu. Alifunga kwanza madirisha ya darasa, upepo wa Iringa usije ukatupa kisingizio, kisha akatuamuru tulaze kalamu juu ya dawati. Halafu alitembea taratibu hadi ukuta wa nyuma, na kutoka huko sauti yake ikaanza kutujia. Habari moja aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza tulisikiliza tu, mara ya pili tukaruhusiwa kudokoa neno hapa na pale kwenye karatasi. Ndipo alipogawa maswali. Aliyegeuza shingo wakati wa kusomewa alitolewa nje.

"Mzungu wa mtihani hatakuja kuwaimbia," alitwambia. "Atasoma kama anavyozungumza na mkewe nyumbani. Neno likikupita limekwenda, halirudi."

Alikuwa Mbena, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, na koti lake lilikuwa na viraka viwili vya ngozi kwenye viwiko. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Tulimwogopa hivyo hivyo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa darasa la kumi katika shule ya misheni nje kidogo ya mji. Mtihani wa mwisho wa mwaka ndio uliokuwa ukiamua nani aendelee na masomo, nani akasomee ualimu, na nani arudi kwao kushika jembe. Kiingereza kilikuwa na sehemu mbili tulizozihofia kuliko zote: kusoma habari na kuijibia maswali, na kusikiliza habari na kuijibia maswali.

Kusoma hakukunitisha. Mwalimu alitufundisha kuanza na maswali, kisha ndipo tuingie kwenye habari yenyewe, kama msafiri anayeuliza njia kabla ya kuondoka. Tulisoma habari za treni zilizokwama kwenye theluji na za mbwa waliookoa watoto mtoni. Theluji hatukuijua, ila tulijua umande unaoganda kwenye majani ya bondeni mwezi wa Julai, na kuvunjika chini ya nyayo zetu tukienda kuchota maji. Mimi nilitosheka na huo. Na katika kusikiliza pia, mwanzoni mwa mwaka, nilikuwa miongoni mwa wale ambao mwalimu hakuhangaika nao.

Mwezi wa Juni ikaingia homa bwenini.

Ilianza kwa wadogo, ikapanda hadi kwetu. Wengi waliugua siku chache, wakainuka wakiwa wamekonda, wakarudi darasani. Mwenzangu wa kitanda cha jirani, kijana mcheshi aliyetoka upande wa Mufindi, alilalamika shingo imekuwa ngumu kama gogo. Walimbeba kwenye machela kwenda hospitali ya misheni adhuhuri moja yenye jua kali na baridi kali. Kesho yake watumishi waliingia bwenini, wakalikunja godoro lake, wakalitoa nje na kulichoma nyuma ya jiko. Hakuna aliyetutangazia chochote. Sanduku lake lilibaki chini ya kitanda mpaka mjomba wake alipokuja kulichukua.

Mimi niliugua baada yake. Kichwa kilinigonga, masikio yakaniuma hata nikauma shuka. Nilipona. Mama muuguzi wa shule alinidondoshea mafuta ya uvuguvugu masikioni, akaniambia mvumo uliobaki utaisha wenyewe. Ulikuwa kama mashine ya kusaga iliyo mbali, upande wa pili wa mlima. Nilisubiri waizime.

Wiki iliyofuata mwalimu alisoma habari ya nahodha wa meli. Nilijibu kwamba meli ilikuwa na mabaharia kumi na tano. Daftari liliporudi, jibu langu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu: walikuwa hamsini. Nikajilaumu kwa uzembe. Maneno hayo mawili ya Kiingereza yanafanana, kila mwanafunzi aliwahi kuyachanganya. Lakini habari iliyofuata nilikosa tena, na iliyofuata nayo, na makosa yangu yalikuwa ya namna moja. Nilisikia mwili wa neno, mkia siusikii. Kama watu walikuwa wengi, mimi nilimsikia mmoja. Kama jambo lilikuwa limekwisha kufanyika jana, kwangu lilikuwa linafanyika leo.

Nilifikiri sana juu ya jambo hili wakati ule, na mpaka leo naliona hivi: Kiswahili ni lugha ya huruma kwa mwenye sikio bovu. Kila neno huishia kwenye irabu, mlango uko wazi, na mwanzo wa neno unakwambia kama ni mmoja au wengi. Lugha ya mama, Kisafwa, nayo ni hivyo hivyo. Kiingereza huficha habari zake mwishoni, katika pumzi ndogo inayopita kwenye meno. Pumzi hizo ndizo zilizoanza kuniacha. Bwenini na uwanjani nilizungumza na wenzangu kama kawaida. Darasani, mwalimu akisimama nyuma yangu, nilikuwa kama mtu anayesoma ukurasa uliotafunwa na mchwa pembeni.

Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba nilijua jambo hili huenda likafika wapi. Nilikuwa nimekulia nalo nyumbani.

Baba yangu alikuwa kiziwi. Aliwahi kufanya kazi machimbo ya dhahabu upande wa Makongolosi, akipasua miamba kwa baruti, na aliporudi kwetu mlimani juu ya Mbeya aliweza kusikia tu ukimpigia kelele usoni. Mama alizungumza naye kwa kumgusa bega kwanza. Watu wakicheka, baba alicheka baada yao, kidogo, huku macho yake yakizunguka kutafuta kichekesho kilikuwa nini. Ukimwambia jambo alitega shingo upande wa kushoto, kidevu mbele. Nilipokuwa mdogo niliona aibu kwa namna alivyotega shingo.

Basi siku moja mezani, wenzangu waliangua kicheko, nami nikacheka, na ndani ya kicheko changu nikatambua kwamba nilikuwa nimechelewa. Niliweka bakuli la uji chini.

Aliyenigundua wa kwanza ni jirani yangu wa dawati. Alikuwa Mhehe wa hapo hapo karibu, mtoto wa katekista, hodari kuliko sisi sote kwa Kiingereza, na mkimya. Tulikuwa tukitoka darasani akaniambia, "Nimekuita mara tatu."

"Nilikuwa nawaza."

"Ulikuwa huwazi. Nilikuwa upande wako wa kulia. Nikija kushoto unaitika." Akatazama kama kuna mtu karibu. "Ni ile homa?"

Nilitikisa kichwa kukataa, halafu nikatikisa kukubali. Tangu siku hiyo alibadilishana nami nafasi, akakaa kulia, na mtu akiniita upande ule alinigusa kwa goti chini ya dawati. Tulipopewa zamu ya kusomeana habari, alinisomea tukiwa uso kwa uso, nami nikawa najifunza midomo yake. Lakini mwalimu hakuwa na midomo. Alikuwa ukuta wa nyuma unaosema.

Likizo ilipofika nilipanda basi kwenda Mbeya. Kwa kawaida njia ile ndefu niliipenda. Safari hiyo nilikaa nikisikiliza injini, nikipima kama ni injini ninayoisikia au ni mvumo wa kichwani, na sikuweza kutenganisha. Tulipofika nyanda za Usangu vumbi likajaa ndani, abiria wakafunika nyuso kwa khanga na mashati, na sikuona tena mdomo wa mtu yeyote. Nilifumba macho mpaka Mbeya.

Nyumbani nilijitahidi. Mama alifurahi, akanichemshia viazi, akaniuliza habari za shule, nami nilikaa nikimwangalia usoni bila kupepesa. Alidhani ni upendo. Dada zangu nao hawakuona kitu. Siku ya pili, jioni kabla jua halijatua, nilikuwa na baba tukitandaza pareto juu ya mikeka ikauke. Yeye alikuwa ameinama. Ghafla aliinuka, akanitazama, akatazama bondeni, akanitazama tena. Mbwa wetu alikuwa akikimbia kutoka bondeni huku mdomo wazi, na nyuma yake jirani yetu, aliyekuwa ameinua mkono. Kwa jinsi alivyosimama alionekana amekwisha kuita sana.

Baba alimpungia yule jirani, wakamalizana kwa ishara. Kisha akaja mpaka mbele yangu. Alizungumza kwa sauti kubwa kama kawaida yake, kwa sababu hakujua kipimo.

"Mimi nina haki ya kutomsikia. Wewe je? Tangu lini?"

"Tangu Juni, Baba."

Alisoma midomo yangu. Akakaa chini kwenye ukingo wa mkeka, akanivuta nikae. Kwa muda mrefu alikuwa akiokota maua ya pareto na kuyaangusha.

"Mimi walianza kuondoka ndege," alisema. "Nilidhani wamehama, wamekimbia baruti. Halafu wakaondoka watoto wadogo, vile vilio vyao. Halafu filimbi."

"Filimbi ipi?"

"Ya shimoni. Kabla ya kulipua, msimamizi hupiga filimbi, watu wote watoke. Mimi nilikuwa nikitoka kwa sababu naona wenzangu wanatoka. Sikumwambia mtu. Ningesema ningefukuzwa kazi, na wewe ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako. Siku moja nilikuwa peke yangu kwenye kona, nakokota jiwe. Hakukuwa na wa kumwangalia. Mwenzangu mmoja, Mnyiha, alifika mlangoni akanihesabu sipo, akarudi ndani kunivuta." Baba aliokota ua jingine. "Mimi mwamba ulinipita. Yeye ulimkuta miguuni. Nilimwona anapiga kelele na sikusikia kelele yenyewe. Mwanangu, nilimwona tu."

Jua lilikuwa limegusa mlima. Baba alinishika kidevu kama nilipokuwa mtoto, akaniinua uso niyaone maneno yake vizuri.

"Ukirudi, useme. Kabla hajatokea mtu wa kurudi ndani kwa ajili yako."

Nilirudi shuleni na maneno hayo. Kusema kulikuwa na hatari yake. Wote tulijua kwamba mwanafunzi aliyeonekana mgonjwa hurudishwa kwao, na padri mkuu wa shule alikuwa mtu wa sheria. Hata hivyo nilimfuata mwalimu siku ya Jumamosi, nikamkuta amekaa kwenye ngazi za ofisi akisahihisha madaftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Mwalimu, masikio yangu hayasikii vizuri. Ukisoma nyuma sipati maneno yote."

Aliendelea kusahihisha hadi mwisho wa ukurasa. Nilifikiri safari hii ni yeye ambaye hakusikia. Kisha akafunga daftari.

"Nilijua ni kitu," alisema. "Makosa yako si ya mtu asiyejua." Akatazama mlango wa padri mkuu, uliokuwa umefungwa. "Nikiulizwa, sitasema uongo. Lakini sijaulizwa. Kaa hapo chini."

Akachukua kitabu cha mazoezi, akanisomea habari nzima mdomo wake ukiwa mbele yangu, kisha akaufunika kwa kiganja na kusoma tena. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kuambiwa: kwamba hata mwenye masikio mazima hasikii maneno yote, anabahatisha nusu yake, ila anabahatisha upesi hadi hajui kama amebahatisha. "Kwenye mtihani maswali mtapewa kabla ya kusomewa mara ya pili. Yale maswali yana habari ndani yake. Swali likikuuliza kwa nini mke wa mkulima alilia, umekwisha kujua kuna mkulima, ana mke, na kuna msiba. Soma maswali kama wawindaji wanavyosoma nyayo. Sauti ikija, wewe uwe umekwisha kufika mbele unaingoja."

Hivyo ndivyo nilivyojiandaa miezi ile. Kila Jumamosi, kwenye zile ngazi. Mwalimu alinipa maswali peke yake, bila habari, nami nilitunga habari inayoweza kuzaa maswali hayo. Nilikuwa nikikaribia sana, wakati mwingine nilikaribia hadi akatabasamu. Lakini kila Jumamosi pia alilazimika kusogea kidogo. Mwezi wa Agosti alikaa ngazi ya juu na mimi ya chini. Mwezi wa Oktoba tulikuwa magoti yanagusana.

Siku ya mtihani wa kusikiliza kulikuwa na joto lisilo la Iringa. Mawingu yalikuwa yamejipanga tangu asubuhi upande wa mto, meusi, hayasogei. Mvua za kwanza zilikuwa bado. Kila mtu aliyatazama mabati ya paa akaomba, maana paa lile halikuwa na dari.

Msimamizi alikuwa Mzungu mzee mwenye masharubu mazito yaliyoshuka mpaka kwenye mdomo wa chini. Mwalimu alikuwa amenipangia dawati la mbele kabisa. Nilitazama yale masharubu, nikajua dawati halitanisaidia. Alipoanza kusoma yalitikisika kama nyasi zenye panya ndani. Nilipata neno shamba. Nilipata neno usiku. Nilipata mtu akipanda ngazi, au pengine akipanda farasi. Akamaliza, akagawa maswali, nami nikayasoma haraka. Kulikuwa na daraja. Kulikuwa na ndugu wawili, mmoja aliyeonywa na hakusikia onyo.

Alipofungua mdomo kwa mara ya pili, mvua ikaanguka.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilikuja yote pamoja juu ya mabati, na hata mimi niliisikia, au niliihisi kwenye mbao za dawati. Msimamizi alitazama juu, akatazama saa yake, akaendelea kusoma. Kanuni zilisema mara mbili, naye alikuwa anasoma mara ya pili. Nikageuka, jambo lililokatazwa, nikaliona darasa zima. Wote walikuwa wametega shingo, kidevu mbele, macho makubwa kwenye yale masharubu. Jirani yangu, hodari wetu, alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio. Nilimwona baba yangu mara nyingi sana katika chumba kile.

Nikarudi kwenye karatasi yangu. Sikuwa na sababu ya kungoja sauti. Nilishika nyayo nilizopewa, nikazifuata, nikajibu.

Matokeo yalipokuja, wengi wetu tulikuwa tumepata alama ndogo katika kusikiliza. Jirani yangu alikosa nafasi ya kuendelea kwa kidogo tu, akapelekwa kwenye ukarani wa serikali. Mimi nilifaulu. Katika kusoma nilikuwa wa kwanza, na katika kusikiliza, mwalimu aliniambia kwa kuandika ubaoni kwa sababu hakutaka kupiga kelele, hakuna aliyenipita. Nilichaguliwa kwenda kusomea ualimu. Mama alichinja kuku. Baba alikula akiniangalia.

Waliochaguliwa walitakiwa kupimwa afya. Nilipimwa Mbeya. Daktari alinigonga kifua, akanitazama meno, akaniambia nimpe mgongo. Nilisimama nikitazama ukuta uliopakwa chokaa. Nilingoja. Baada ya muda nilihisi kitu cha baridi kikigusa nywele karibu na sikio langu la kulia, kikaondoka, kikaja kushoto. Nilipogeuka, daktari alikuwa ameshika saa yake ya mkononi, mkanda ukining'inia.

"Umesikia nini?" aliuliza, na hilo nililiona midomoni.

Ningeweza kubahatisha. Kwa miezi mingi nilikuwa sifanyi kitu kingine. Saa hulia namna moja tu, na ningeweza kusema nimeisikia.

"Sijasikia kitu, bwana," nilimjibu.

Aliandika mstari mmoja. Mwalimu asiyesikia watoto hawezi kuwa mwalimu, alisema, na hakusema kwa ubaya.

Mwalimu wangu ndiye aliyenitafutia kazi katika kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu vya misheni, huko huko Mbeya. Walihitaji mtu wa kupanga herufi anayejua kusoma Kiingereza na Kiswahili, hata kwa kinyume, maana herufi za chapa hupangwa zimegeuzwa. Siku ya kwanza niliingia kwenye chumba kirefu chenye mashine zilizotikisa sakafu, na watu wote mle ndani walikuwa wakizungumza kwa mikono kwa sababu hapakuwa na sauti ya binadamu iliyoweza kupenya. Kwa mara ya kwanza tangu Juni ile, mabega yangu yalishuka.

Msimamizi wa kiwanda, mzee wa Kinyakyusa, alinionyesha mashine moja baada ya nyingine, akinishika mkono kama anayemwongoza kipofu. Mwishoni alinifikisha kwenye kona, mbele ya kisu kipana cha kukatia karatasi. Chenyewe hakikutikisika wala kuvuma. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika kwa penseli, akanipa: *Zile zinazopiga kelele usiziogope. Hii hushuka kimya. Mwenye masikio na asiye nayo, wote sawa.*

Kisha akanyanyua mkono wake wa kushoto niuone vizuri, na vidole vilivyobaki.

Nilifanya kazi pale miaka mingi. Sikio la kushoto nalo liliendelea kupungua, na asubuhi moja ya kawaida, nikiwa nafunga viatu, niliona mke wangu amesimama mlangoni mdomo wazi na mikono kichwani, akiniita bila sauti yoyote kunifikia, na sikujua alikuwa ameanza saa ngapi.